Kompyuta Iliyoniuliza Swali Nisilolisikia

Ipo siku moja iliyobaki masikioni mwangu kuliko nyingine zote, mwanangu, na nasema masikioni kwa sababu macho yangu wakati huo yalikuwa yamekwisha kuzima. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Wachumaji wa chai walikuwa wakipita nje ya dirisha langu hapa Sironga, Nyamira, wakibishana kama mvua itawaacha wajaze vikapu au la, nami nimeketi mbele ya kompyuta nikingoja iniambie neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "Redi", yaani iko tayari. Kila asubuhi ilinipa neno hilo kabla sijanywa chai. Asubuhi hiyo haikunipa.

Ninyi vijana wa leo simu inawasemesha mkiwa njiani, mkachoka nayo mkainyamazisha. Mimi nazungumzia miaka ya tisini, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha kwenda kutazamwa. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwanza nilikuwa nani, ndipo utajua neno moja linaweza kuwa na uzito gani.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia katika shule ya wasichana, bado kijana, na mwandiko wangu ubaoni wakaguzi waliusifu. Kisha macho yakaanza kufifia, kidogo kidogo, kama taa ya mafuta ya taa inayoishiwa. Madaktari walifanya waliloweza. Sijatimiza hata miaka thelathini nikawa sioni jua. Kijana aliyekuwa amenichumbia alikuja kunitazama mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili hakumaliza chai. Nilikisikia kikombe kikitua mezani, kizito, nikajua. Simlaumu, siku hizi simlaumu. Mama alikuwa ameshatangulia, ndugu zangu wamehamia Borabu kwenye mashamba mapya, nami nikabaki katika nyumba ya shule, chumba na sebule, na redio.

Mwanangu, watu hudhani upweke wa asiyeona ni giza. Giza unalizoea. Kinachouma ni kwamba hakuna jambo lako linalobaki kuwa lako. Nilipotaka kumwandikia dada yangu kwamba usiku nalia, ilinibidi nimwombe jirani aandike "nalia", naye aliandika huku amenishika bega. Nikaacha kuandika. Darasani nako, wasichana walinisomea insha zao wenyewe kwa sauti, na wakisoma wanayarekebisha makosa yao palepale. Kila mtu kwangu alipata alama nzuri. Mwalimu mkuu hakuwa mjinga. Akanipunguzia vipindi kwa upole sana, na upole wa namna ile unauma kuliko kufukuzwa.

Ndipo kanisa likanipatia ile kompyuta. Ilitoka ng'ambo, ilikuwa imeshatumiwa na watu wengine mpaka vitufe vimekuwa laini. Kando yake vilikuja kichapishi na kisanduku kidogo chenye spika, kilichounganishwa kwa waya. Kila nilichoandika, kisanduku kilinisomea. Kiswahili kilikisoma kwa puani, kama mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana. "Ng'ombe" kwake lilikuwa neno la kutisha. Nilijifunza kukielewa kama mtu anavyomwelewa mtoto wake mwenye kigugumizi. Nikaandika maswali ya mtihani. Nikaandika mafunzo ya darasa yakachapwa. Na jioni ya kwanza nilimwandikia dada yangu barua yenye kila kitu, nikaichapa, nikaikunja, nikaifunga mwenyewe. Hakuna aliyenishika bega. Nilikaa na bahasha ile magotini mpaka usiku ukaingia.

Vipindi vikarudi. Mwalimu mkuu akanipa Kidato cha Tatu, akasema mbele ya walimu wengine kwamba mitihani yangu ndiyo safi kuliko yote. Nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo bila fimbo.

Sasa rudi nami kwenye ile asubuhi ya mvua. Kwa kawaida nikiwasha, mashine ililia mara moja, "pii", kisha feni ikavuma, kisha baada ya kitambo kisanduku kikasema "Redi". Siku hiyo ililia "pii, pii", mara mbili. Feni ikavuma. Basi. Nikangoja. Nikabonyeza kitufe kikubwa cha kuingiza, nikabonyeza kile kirefu cha nafasi. Nikaizima, nikaiwasha. "Pii, pii." Kimya.

Nikajiambia imekufa.

Na hapa, mwanangu, ndipo nilipofanya jambo ambalo watu wapweke hulifanya. Sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliwafundisha wanafunzi kila mwaka, nami nikakaa na maradhi yangu nimeyafunika kwa shuka. Niliogopa sauti ya mwalimu mkuu itakavyokuwa ya upole. Kila asubuhi niliiwasha, nikaisikiliza feni, nikaizima. Kuna siku niliiacha inavuma tu, maana angalau kulikuwa na kitu kinachopumua ndani ya nyumba. Maswali ya mtihani yakaombwa nikasema bado. Yakaombwa tena nikasema naumwa kichwa. Mwishowe wakampa mwalimu mwingine Kidato cha Tatu, na hakuna aliyenigombeza. Wasichana wakipita dirishani walipunguza sauti, kama unavyopunguza ukipita penye msiba.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua nilipokwenda Kisii mjini kununua betri za redio. Nilinunua kwa Mzee Ramji, ambaye baba yake ndiye aliyefungua duka lile, na yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilohilo. Alikuwa akiuza vifaa vya umeme na kutengeneza redio, na Ekegusii, lugha yetu, alikizungumza vizuri kuliko baadhi ya wajukuu wa ndugu zangu. Alimjua marehemu baba. Kwake ndiko nilikonunua utepe na karatasi za kichapishi.

Akanifungia betri, kisha akasema, "Mwalimu, karatasi hununui siku hizi."

"Bado ninazo, mzee."

"Huna. Mimi ndiye ninayekuuzia, najua lini zinakwisha." Akavuta stuli, nikaisikia ikikwaruza sakafu. "Kaa. Ni nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakunishika bega. Nilimwambia yote, na feni nikamwambia.

Akasema, "Mimi kompyuta sijui. Juu hapa kuna madam anafundisha kompyuta, amepanga vyumba vyangu. Lakini kabla sijamwita, nikuambie neno moja kama angekuambia baba yako. Redio ikiletwa hapa, hata ikiwa imeungua, mimi nafungua kifuniko natazama. Mtu aliyejifunga, fundi wake ataanzia wapi? Umekaa na jambo hili peke yako, na mimi niko hapa, na shule nzima iko pale. Umetukosea, Mwalimu."

Maneno hayo alinipa taratibu, bila ukali, nami nikayameza hivyohivyo.

Yule madam aliitwa Atieno. Kwao ni upande wa ziwa, alikuja Kisii kufundisha katika chuo kidogo cha kompyuta, na sauti yake ilikuwa ya chinichini, ya mtu anayefikiri kabla ya kusema. Jumamosi ile alikuja Sironga. Nikawasha mashine. Ikalia "pii, pii". Atieno hakugusa kitu.

"Mwalimu," akasema, "hii haijafa. Inakuuliza swali."

"Swali gani?"

"Imeandika hapa kwenye skrini. Inasema imeshindwa kusoma sehemu ya disketi, na ukitaka iendelee hivyohivyo, ubonyeze F1."

Akanishika kidole akakiweka juu ya kitufe. Nikabonyeza. Mashine ikakoroma kidogo, kisha kisanduku kikasema kwa puani: "Redi."

Mwanangu, nililia. Ungedhani ni furaha. Nililia kwa sababu siku zote zile, wakati natoa udhuru, wakati darasa langu linachukuliwa, mashine ilikuwa imekaa mbele yangu ikiniomba ruhusa ya kuendelea, kwa maandishi, mimi nisiyeona. Na kitufe kilikuwa pale, karibu na mkono wangu wa kushoto.

Atieno alisafisha vumbi kwenye mdomo wa kuingizia disketi, akanifundisha: ikilia mara mbili, F1. Nikashukuru. Lakini haikupita muda, umeme ukapotea kwa ngurumo na kurudi, na mashine ikauliza jambo lingine, ambalo F1 haikulijibu. Ikabidi ningoje mpaka Atieno apate nafasi ya kuja kutoka Kisii kunisomea mstari mmoja. Ikatokea tena. Kila mara alikuja, kila mara nilijiona nimerudi kuwa yule wa kuandikiwa "nalia". Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na aliyeazima macho anamngoja mwenye nayo.

Siku moja nikamuuliza, "Kwa nini isiniulize kwa sauti? Kisanduku si hiki hapa, kimeunganishwa, na waya ni mzima?"

Akanieleza, nami nitakueleza kwa namna ileile. Ukiwasha kompyuta, haiamki yote mara moja. Ndani, juu ya bodi, pana chipu ndogo yenye programu ya kwanza kabisa. Hiyo ndiyo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, ikapapasa kumbukumbu, kibodi, disketi, ikahakikisha kila kiungo kipo, ndipo ikaziita programu nyingine. Programu yangu ya kusema ilikuwa miongoni mwa hizo za baadaye. Kwa hiyo jambo likiharibika mapema, msemaji wangu alikuwa bado hajaamka, na yule wa kwanza hakujua kusema. Alijua kuandika tu.

"Basi mfundishe kusema," nikamwambia.

"Ningeweza kujaribu, Mwalimu. Lakini programu hiyo imefungwa. Walioiandika hawakutoa mistari yake ya maagizo. Nina chipu, sina maandishi. Siwezi kurekebisha kitu nisichoonyeshwa."

Tukawaandikia waliouza mashine hizo Nairobi. Wakajibu kwa adabu kwamba aina hiyo haiuzwi tena, na kwamba yaliyomo ndani ya chipu hayatolewi kwa mtu yeyote. Nafikiri hawakuwa watu wabaya. Hawakuwahi tu kuwaza kwamba kuna mwanamke Nyamira ambaye skrini kwake ni kioo chenye joto kidogo tu.

Nilipompelekea Mzee Ramji habari hizo, aliinuka, akaleta redio kuukuu ya mbao na kuiweka mapajani mwangu. Akafungua mgongo wake. "Pitisha mkono hapa ndani ya kifuniko."

Nikagusa karatasi, imegandishwa kwa gundi, imekauka na kukunjamana pembeni.

"Hiyo ni ramani ya redio yote," akasema. "Kila waya, kila kipande. Baba yangu alijifunza kazi kwa kusoma karatasi kama hizo. Yule aliyetengeneza redio hii alikuwa mbali sana, labda amekwisha kufa. Lakini alijua kuna siku itaharibika na yeye hatakuwepo. Akamwachia fundi asiyemjua karatasi hii." Akafunga kifuniko. "Siku hizi zinakuja bila karatasi. Nazipokea, nazitazama, nazirudisha kwa wenyewe zikiwa mbovu."

Atieno alikuwepo, alikuwa ameshuka kununua fyuzi. Najua lile neno lilimwingia, maana baada ya muda alikuja Sironga bila kuitwa.

Alikuwa amepata disketi. Ilitoka kwa rafiki yake wa chuo kikuu, naye alipewa na mwingine. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuamsha mashine za aina yangu, imeandikwa na mtu wa nchi ya mbali ambaye hakuiuza. Aliitoa pamoja na mistari yake yote, akaandika juu kwamba yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenziwe, mradi naye asimfungie anayefuata. Siku hizi mnaita programu huria. Sisi hatukuwa na jina lake. Atieno aliiita "ile iliyo wazi".

Akaanza kunisomea. Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza zile Jumamosi. Mvua juu ya mabati, chai kwenye birika, na mwanamke wa sauti ya chini ananisomea mistari ambayo nusu yake sikuielewa. Mimi nilikuwa mwalimu wa sarufi, basi nikauliza maswali ya sarufi: huyu anamtuma nani, neno hili linamrudia lipi? Naye akijaribu kunijibu, anagundua jambo. Kuuliza si ujinga. Ndivyo tulivyofika mahali ambapo programu inatuma herufi kwenye skrini. "Ni hapa," akasema. "Kila herufi inayokwenda kwenye skrini, tutatuma pacha wake kwenye waya wa kisanduku chako."

Mistari yenyewe haikuwa mingi. Kazi ilikuwa kujua iwekwe wapi, na hilo tusingelijua kama tungenyimwa mingine yote.

Usidhani ilikubali mara moja. Chipu mpya ziliandikiwa programu hiyo Nairobi kwa kifaa maalumu, zikaletwa na mtu wa kuaminika. Ya kwanza ilipowekwa, mashine haikulia hata mara moja. Feni tu. Atieno akaing'oa, akairudisha ile ya zamani ambayo alikuwa ameihifadhi vizuri, mashine ikaamka. Nikusihi hapa hapa kabla sijasahau: ukienda kugusa moyo wa kitu, hifadhi kwanza moyo wake wa zamani. Ya pili iliongea, lakini maneno yalishikana kama ugali wenye madonge. Akaenda tena akakaa nayo.

Ya tatu ilipoingia, aliniambia niwashe mwenyewe. Ikalia "pii". Na kabla ya "Redi", kabla ya jambo lolote, kisanduku kikasema kwa puani:

"Bwakire, Mwalimu."

Bwakire ni salamu yetu ya asubuhi, kumekucha. Atieno hakujua Ekegusii zaidi ya maneno machache ya sokoni. Kumbe alimuuliza Mzee Ramji. Kisha mashine ikaendelea kuhesabu kumbukumbu yake, namba baada ya namba, kwa sauti, jambo ambalo mwenye macho asingelivumilia. Atieno akasema atalikata. Nikamwambia aliache. Nilikuwa nimekaa na kimya muda mrefu mno, nilitaka kusikia kila kitu.

Akachomoa kebo ya disketi makusudi, akaniambia niwashe tena. Ikanisalimia, ikahesabu, ikalia mara mbili, kisha ikasema kwa Kiswahili chake kibovu: "Disketi haisomeki. Bonyeza F1 uendelee." Nikabonyeza. Hakuna aliyenishika kidole.

Darasa la Kidato cha Tatu halikurudi kwangu mwaka ule. Aliyepewa alikuwa akilifundisha vizuri, na haki yake ilikuwa yake. Nilipewa Kidato cha Kwanza, watoto wanaoandika "nilikula nikashiba nikaenda" kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, nikaanza upya nao. Lakini safari hiyo nilikwenda mwenyewe ofisini, nikamweleza mwalimu mkuu yaliyonipata, yote. Akasema, "Ungeniambia ningekusomea skrini." Ni kweli angenisomea.

Atieno alitoa nakala kwa kila aliyeomba, kwa sababu ndivyo yule mwandishi wa mbali alivyotaka. Siku moja niliitwa kwenye simu ya ofisi. Mwanamume nisiyemjua, karani asiyeona huko Kakamega, akaniambia, "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mashine yangu inanisalimia kwa lugha nisiyoijua. Maana yake nini?"

Nikamwambia, "Kumekucha."

"Basi mimi nitaweka Mulembe, salamu yetu," akasema, na akaweka, kwa sababu hakuna aliyemfungia.

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mwanangu, vidole vyenyewe huondoka. Atieno alipata kazi Nairobi. Tuliandikiana, barua zangu ndefu, zake fupi. Kisha zake zikawa fupi zaidi, kisha hazikuja. Mzee Ramji ndiye aliyeniletea habari hadi Sironga, akasimama mlangoni bila kuingia, na kwa kule kusimama kwake nikajua kabla hajasema. Atieno aliugua, kama wengi walivyougua miaka ile, na akazikwa kwao karibu na ziwa. Sikuwahi kumwona. Urefu wake nilikadiria kwa mahali sauti ilipotokea.

Kwa muda nilikuwa siiwashi mashine asubuhi. Ile salamu ilikuwa yake.

Muongo ule ulipokuwa unaelekea ukingoni, kisanduku changu kilichakaa, nikaletewa kingine cha aina tofauti, nacho kikawa kinameza maneno. Mwanamke mwingine wa chuo kile, Nyaboke, alikuja na ile disketi ya Atieno. Hakuwahi kumjua Atieno. Lakini mistari yote ilikuwepo, naye akaifuata kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Alikuwa akiisoma kwa sauti, kwa ombi langu, nilipomsikia anasita.

"Hapa kuna maelezo yameandikwa kando," akasema. "Si sehemu ya programu. Ni ya fundi atakayefuata."

"Soma."

"Anasema: 'Hapa mashine ingoje kidogo baada ya salamu. Mwalimu anaishi peke yake na asubuhi hupenda kusikia neno likiisha. Usiharakishe.'"

Nikamwomba anisomee tena. Akanisomea. Kisha akarekebisha kile kisanduku kipya, na kule kungoja hakukugusa.

Sasa shika nasaha yangu, mwanangu, maana mimi ni mzee na nimesema mengi. Utanunua mashine nyingi maishani. Watakuonyesha rangi na wepesi. Wewe uliza pia: ile programu ya kwanza iliyo kwenye chipu, inayoamka kabla ya zote, nani anaruhusiwa kuisoma? Wakikuambia hakuna, jua kwamba umenunua nyumba ambayo ufunguo wa mlango wake uko kwa mtu mwingine. Siku atakapofunga duka, au atakapochoka na aina yako, au siku utakapokuwa mtu ambaye hakuwahi kumwaza, utakaa mbele ya mashine ukisikiliza feni. Lakini ile iliyo wazi, akifa aliyeiandika, mwingine ataendelea. Ukiwa kipofu itafundishwa kusema, ukiwa Mgusii itakuamkua kwa lugha ya mama yako. Haitajifanyia kazi yenyewe. Itakutaka ujifunze, ukosee, ung'oe chipu uanze tena. Ni afadhali jasho hilo kuliko kungoja ruhusa. Na ukiandika chochote kwa mkono wako, acha mistari yake wazi, na kando yake mwandikie neno la upole yule atakayekuja usiyemjua.

Na nafsi yako pia usiifunge. Kitu kikilia mara mbili ndani ya nyumba yako, toka uende kwa mtu, hata kama ni muuza betri.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na watu wa kuisoma. Asikuache ukae na swali usilolisikia. Akikupa upweke, maana huwapa wengi, akupe na mtu mmoja wa kukaa nawe mvua ikinyesha. Nenda salama, mwanangu, na kwako kuche vyema.